Haki ya Mageni Ilivyofika Paani

Mageni mwana wa Bujiku alikuwa na mkono mrefu kuliko umri wake, na alipotakiwa kuuonyesha, aliuficha. Habari zake zote zinaanzia hapo.

Siku zile mtoto hakuulizwa amezaliwa lini. Angejuaje? Aliambiwa apitishe mkono wa kulia juu ya utosi, ashike sikio la kushoto. Vidole vikifika, amekua, aandikwe shule. Visipofika, arudi nyumbani akaendelee kunywa maziwa. Mkono wa Mageni ulifika akiwa na miaka saba, ukapita sikio ukashika na shavu. Shida ni kwamba mtoto huyohuyo ndiye aliyewajua ng'ombe wa baba yake kuliko baba mwenyewe. Ukimwonyesha alama ya kwato matopeni, alikuambia ni ya ndama yupi, amepita saa ngapi, na kama alikuwa na kiu.

Basi mwanangwa, yaani mkubwa wa kijiji aliyewekwa na mtemi, akapita kaya kwa kaya, njia ile ya Kagongwa, akitangaza kwamba serikali inataka mtoto mmoja wa kusoma kutoka kila nyumba. Watu waliposikia "serikali inataka", wakaelewa kama walivyozoea kuelewa: hii ni kodi. Na kodi hulipi kwa dume lililonona. Unatafuta lile linalochechemea.

Kwa Bujiku, aliyechechemea alikuwa Masele, kaka yake Mageni, mwenye miaka tisa. Masele alikuwa amepoteza mbuzi wanne msimu mmoja kwa kosa la kulala chali na kutazama mawingu. Lakini mwalimu alisemekana kuwa na macho makali, anachagua mwenyewe. Kwa hiyo jioni ya kuamkia siku ya kupimwa, Bujiku akamkalisha Mageni kando ya zizi.

"Kesho ukiambiwa ushike sikio, inua bega. Halafu vuta shingo, kama kobe anayechungulia. Usifike."

"Nikifika, baba?"

"Ukifika, ng'ombe hawa watachungwa na Masele."

Mageni aliwatazama ng'ombe mmoja mmoja. Huruma ikamshika.

Asubuhi mwalimu akamuuliza maswali mawili, Mageni akajibu matatu. Mwalimu akacheka, akasema, "Huyu ndiye," akamwambia ashike sikio. Mageni akainua bega, akavuta shingo, vidole vikaishia kwenye nywele. Mwalimu akajaribu mara ya pili, mara ya tatu, akaguna, akamwandika Masele.

Usidhani Bujiku peke yake alikuwa na akili hiyo. Karibu kila kaya ilifanya vilevile. Serikali iliomba watoto, wazee wakaipa wale walioshindikana. Miaka ikapita, walioshindikana wakarudi wamevaa kaptura zilizonyooshwa kwa pasi, kalamu mfukoni, wakawa makarani wa mtemi na makarani wa mahakama, wakaketi mezani wakiwaamuru waliofaa wavue kofia. Bujiku alikufa bila kuelewa kosa lilikuwa wapi.

Mageni yeye alielewa mapema, wiki ya tatu tu. Alikuwa amepitisha ng'ombe karibu na banda la shule akasikia watoto wakitamka kitu kimoja kwa pamoja, sauti hamsini kama moja, halafu kimya, halafu sauti ya mwalimu, halafu tena wote. Akasimama. Kesho yake akawapitisha ng'ombe palepale. Na kesho kutwa. Mwaka ule ng'ombe wa Bujiku walikonda mbavu zikahesabika, maana walichungwa mahali pamoja mpaka nyasi zikabaki vumbi. Bujiku aliita waganga wawili. Mganga wa kwanza alisema ni jicho la jirani. Wa pili alisema ni mizimu. Hakuna aliyesema ni irabu.

*

Mwaka 1947, baba amekwisha kufa na ng'ombe wamepukutika kwa ugonjwa wa kweli, Mageni akaenda Geita kwenye mgodi wa dhahabu. Alikuwa anakaribia miaka thelathini. Kule kila kitu kilikuwa na karatasi: karatasi ya kuingia, karatasi ya kofia, karatasi ya sepetu, karatasi ya kuumwa tumbo. Na kila karatasi ilitaka kitu kimoja kutoka kwake, dole gumba. Analichovya kwenye wino, analigandamiza, anatoka na kidole cheusi. Wenzake walifuta kidole kwenye suruali wakasahau. Mageni alikificha mfukoni, na akifika kwenye chumba chao alikisugua kwa mchanga.

Alimwoa hukohuko Ghati, Mkurya aliyekuja kuuza uji wa ulezi getini, mwanamke asiyeogopa mtu. Ghati ndiye aliyegundua ugonjwa wa mumewe.

"Baba Justa," alimwambia, mtoto wao Justa akiwa bado mgongoni, "wanaume wenzako wakinywa wanatazama wanawake. Wewe unatazama maandishi ya kwenye gunia la sukari."

"Yanasemaje?"

"Yanasema sukari. Yaseme nini kingine?"

Katika kambi ile kulikuwa na mtu mmoja wa Ukerewe aitwaye Marcel, fundi wa mashine ya kupandisha mawe, aliyesoma misheni mpaka mapadre wakamchoka kwa ubishi. Marcel alisoma magazeti. Hayakufika mapya, yalifika yakiwa yamefungiwa dagaa, na Marcel aliyanyoosha gotini akawasomea wenzake habari za dunia zenye harufu ya ziwa. Jioni moja ya mwaka 1949 akasoma kwamba mataifa yamekutana huko Ulaya, yakaandika tamko la haki za watu wote, na mojawapo ni kwamba kila mtu ana haki ya elimu.

Mageni alikuwa anakoka moto. Akaacha.

"Rudia hapo."

"Kila mtu ana haki ya elimu."

"Kila mtu, au kila mtoto?"

Marcel akasogeza gazeti kwenye mwanga. Palikuwa na jicho la dagaa limeganda karibu na neno lenyewe. Akalibandua kwa ukucha. "Kila mtu."

"Umri hawakutaja?"

"Hawakutaja."

"Angalia vizuri. Pengine wametaja chini."

"Chini ni tangazo la baiskeli, Mageni."

Usiku ule Marcel akamweleza zaidi. Kwamba tamko ni tamko tu, ni maneno ya wakubwa, lakini ziko nchi zenye karatasi yenye nguvu kuliko hiyo, inaitwa katiba. Nchi inajiandikia yenyewe: nani atawale, atawale vipi, na mtu wa kawaida asinyang'anywe nini. Nchi nyingine zimeandika humo kwamba shule ni haki ya mtu, na serikali ikimnyima ameonewa.

"Na katiba yetu inasemaje?"

"Yetu?" Marcel akakunja gazeti. "Sisi hatuna katiba, ndugu yangu. Sisi tuna Bwana Shauri."

Watu wakacheka, maana wote walimjua huyo mkuu wa wilaya, Mwingereza, kisha kila mtu akalala. Mageni hakucheka. Alikaa akitazama makaa, akilirudia lile neno kimoyomoyo, kila mtu, kila mtu, kama mtu aliyeambiwa kwamba mwanamke aliyemtaka ujanani hajaolewa bado.

*

Alirudi nyumbani njia ya Kagongwa na Ghati na Justa, akalima pamba na mtama kama watu. Kaka yake Masele sasa alikuwa karani mkuu wa baraza la mtemi. Alikuwa na meza, na juu ya meza palikuwa na kidude cha kukausha wino ambacho alikisogeza kushoto na kulia mtu akiwa anamweleza shida. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu amezoea kuwaandikia watu wasiojua kilichoandikwa, na hiyo ni kazi inayomwingia mtu mpaka kwenye mifupa.

Mwaka 1954 habari zikaenea kwamba wajumbe wa Umoja wa Mataifa watapita Shinyanga kusikiliza watu, na mwenye neno alete barua. Mageni alikwenda kwa Masele siku hiyohiyo.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Nyumbani wazima?"

"Wazima. Nataka uniandikie barua ya hao wageni."

Masele akasogeza kidude chake. "Unataka nini? Bei ya pamba?"

"Andika hivi. Mimi Mageni mwana wa Bujiku nimesikia kwamba kila mtu ana haki ya elimu. Mimi ni mtu. Naomba niandikwe darasa la kwanza. Halafu andika tena, siku nchi hii itakapoandikiwa katiba yake, waandike hivyohivyo, kila mtu, wasiingize umri."

Masele hakuandika. Alimtazama mdogo wake, ndevu zake, nyufa za visigino vyake.

"Mageni. Una miaka mingapi?"

"Thelathini na sita, pengine saba. Wewe ndiye msomi, hesabu."

"Utakaa benchi moja na watoto wanaong'oka meno?"

"Hainihusu benchi ina nani. Andika."

Masele akaandika. Aliandika muda mrefu, kwa mwandiko wake ule wenye mikia, akapuliza wino, akamwambia atie dole gumba chini, akakunja. Mageni akapokea ile karatasi kwa mikono miwili. Kwa siku sita aliiweka chini ya mto, na Ghati akasema tangu waoane hajawahi kulaliwa kwa heshima namna ile.

Akapanda treni Isaka. Pale Shinyanga watu walikuwa wengi, watemi wamevaa kanzu zao, Bwana Shauri ameketi pembeni akijitahidi kuonekana kama hayupo. Wajumbe walikuwa wanne. Mmoja, mzee mwembamba wa nchi ya mbali mwenye miwani, alipokea barua za watu, akampa mkalimani azisome kwa sauti, kwa Kiswahili kwanza ili mwenye barua asikie, kisha kwa Kiingereza.

Zamu ya Mageni ilipofika, mkalimani akafungua karatasi akasoma: "Sisi wakazi wa kijiji tajwa, kwa unyenyekevu, tunaomba kujengewa shule kwa ajili ya watoto wetu, ambao ndio taifa la kesho."

Mageni akangoja. Mkalimani akakunja karatasi.

"Endelea," Mageni akasema.

"Imekwisha."

"Hayo si maneno yangu."

Minong'ono ikapita. Mkalimani, ambaye alikuwa na barua nyingine arobaini mkononi, akasema kwa upole, "Mzee, hapa chini pana dole lako."

"Dole ni langu. Maneno ni ya kaka yangu."

Mzee wa miwani akauliza kuna nini. Akaelezwa. Akauliza, kupitia kwa mkalimani, kama basi bwana huyu hataki watoto wajengewe shule. Hapo Mageni akaona jinsi alivyobanwa. Akikana barua, anawakosesha watoto. Akiikubali, amejikosesha mwenyewe, na kwa dole lake.

"Nataka wajengewe," akasema. "Lakini na mimi niandikwe. Nimesikia ni kila mtu."

Kicheko kikaanzia kwa watemi kikaenda mpaka nyuma kwa wauza karanga. Mzee wa miwani hakucheka. Aliuliza, "Ukisoma, unataka ufanye nini?"

Mageni akafikiri. Wengine wangesema kilimo bora. Bwana Shauri alipenda sana kilimo bora.

"Sijui," akasema. "Ningekuwa najua, nisingehitaji shule."

Mkalimani alitafsiri. Mzee akaandika kitu kwenye daftari lake, kirefu kidogo, na Mageni akaitazama kalamu ile mpaka iliponyanyuka. Mpaka leo hakuna ajuaye kiliandikwa nini. Daftari lilikwenda lilikokwenda.

Aliporudi, alipitia kwa Masele moja kwa moja.

"Umeniandikia nini?"

Masele hakujifanya hajui. "Nilikuokoa aibu."

"Nilikuomba barua, sikukuomba wokovu."

"Mageni, wale ni watu wakubwa. Wakisoma jitu zima linataka darasa la kwanza, watasema Wasukuma wote..." Akasogeza kidude chake, akakirudisha. "Wewe unadhani kule kulikuwa na nini? Mimi nilikaa kwenye benchi lile miaka sita. Dirisha lilikuwa upande wa malisho. Kila siku nilikuwa nakuona unapita na ng'ombe. Nilikuwa nalia, wakanichapa kwa kulia."

Hawa ndugu wawili walikuwa hawajawahi kuambiana hilo. Kumbe mmoja alisimama nje akitamani ndani, na mwingine ndani akitamani nje, na aliyewapanga hivyo alilala usingizi mnono akijua amewaweza wazungu.

"Ungenipigia mluzi," Mageni akasema mwishowe, "tungebadilishana."

*

Shule ikajengwa. Barua ya Masele ilifanya kazi, au ilikuwa imepangwa tangu zamani, kama Bwana Shauri alivyowaambia wote waliotaka kushukuru mtu mwingine. Matofali ya udongo yakafyatuliwa, miti ya kuezekea ikasimamishwa, na Januari 1956 akafika mwalimu, kijana anayeitwa Donatus, na koti lake moja, na rejista moja yenye jalada gumu.

Siku ya kuandikisha, Mageni alimpeleka Justa. Justa akashika sikio, akaandikwa. Kisha Mageni akabaki amesimama kwenye mstari.

"Na wewe, mzee?" Donatus akauliza.

Mageni akapitisha mkono juu ya utosi. Safari hii hakuinua bega. Akashika sikio, akashika shavu, akafika kidevuni.

Watoto waliona huu ni mchezo mzuri kuliko yote iliyowahi kuletwa na serikali. Justa alitazama chini, akichora ardhi kwa kidole cha mguu. Donatus aliwanyamazisha, akamvuta Mageni kando. Alikuwa kijana mwenye haya.

"Baba yangu, mkono umefika, sikatai. Ila nina waraka. Darasa la kwanza asizidi miaka kumi. Mkaguzi akikukuta kwenye rejista, mimi nitaondoka hapa kesho yake." Akafikiri. "Lakini njoo ukae nyuma. Nitafumba macho. Mkaguzi akija, unatoka kwa mlango wa nyuma."

Hapa ndipo watu wengi husema Mageni alikuwa mjinga, na mkewe alikuwa wa kwanza kusema. Maana alijibu, "Hapana, mwalimu. Asante."

"Kwa nini?"

"Hiyo ni hisani. Ukiamka vibaya, imekwisha. Mimi nilisikia ni haki. Haki haitoki kwa mlango wa nyuma."

Ghati alipoambiwa, aliacha kupepeta. "Baba Justa, miaka thelathini umelilia benchi. Mtu amekupa benchi, unamuuliza benchi ina jina gani?"

"Sikutaka afumbe macho. Nilitaka aniandike."

"Basi kaa na haki yako. Mimi nina mtama."

Alikaa nayo wiki nzima, na ilikuwa nzito. Asubuhi alisikia kengele, yaani kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini, na jembe likamlegea mkononi. Alitamani kile kitu mpaka akawa anamchukia Justa kwa dakika moja moja akirudi na ubao wake, halafu anajichukia mwenyewe kwa siku nzima.

Wokovu ulitoka kwa mwanangwa mpya. Shule ilikuwa imefunguliwa paa nusu. Upande wa ubao ulikuwa bado fito tupu, na Mageni alijulikana kwa kuezeka. Mwanangwa akamwomba amalizie. Mageni akapanda na nyasi na kamba za katani asubuhi ya Jumatatu, akaketi kwenye fito, akatazama chini kati ya miguu yake, akauona ubao wote.

Sasa fikiria mwenyewe. Hakukaa darasani, waraka haukuvunjwa. Hakupewa hisani na mtu, alikuwa kazini. Katika nchi nzima isiyo na katiba, Mageni alikuwa amepata mahali pekee ambapo haki yake haikuhitaji ruhusa ya yeyote, na palikuwa futi kumi na mbili kutoka ardhini.

Paa la siku nne lilichukua wiki tano. Alipanga nyasi unyasi kwa unyasi. Alifunga fundo, akalikagua, akalifungua, akafunga jingine zuri zaidi. Donatus alijua. Akaanza kuandika herufi kubwa kidogo kuliko zilivyohitajika na watoto wa mstari wa mbele, na kusimama pembeni ya ubao badala ya mbele yake. Hawakuambiana kitu. Mageni alichora a, e, i kwa kidole kwenye paja lake, na suruali yake ikachakaa paja la kulia tu.

Ila mwaka ule mvua zilikuwa zimegoma. Za Novemba zilidonyoka zikaacha. Januari ikaisha, Februari ikaingia, mtama umekunja majani kama mtu mwenye baridi. Na watu wa sehemu zetu mvua ikigoma hawatazami mawingu, wanatazama nani anafaidika. Wakamwona mtu aliyeketi juu ya nyumba siku zote, anafunga mafundo ya katani, hamalizi. Wakaanza kunong'ona. Mwenye paa wazi hataki mvua, hilo halihitaji mganga. Amezifunga.

Jambo baya ni kwamba hawakukosea sana. Mafundo yalikuwa mafundo tu, lakini kila alfajiri Mageni alitoka nje akatazama mashariki, akiona kumekauka, moyo wake ulifurahi kabla hajauzuia. Na katika mtama uliokuwa ukifa ulikuwamo na wa kwake.

Ghati alimletea chakula siku moja akasimama chini ya ngazi. "Wanasema nimeolewa na mtu anayezuia mvua."

"Wewe unasemaje?"

"Mimi nasema shuka ule." Alipokuwa anakula, akaongeza kwa sauti ya chini, bila dhihaka, "Umefika wapi?"

"Naweza kusoma maneno yenye herufi nne. Tano zinanisumbua."

"Na tundu limebaki kubwa kiasi gani?"

Mageni akaonyesha kwa mikono. Lilikuwa la upana wa ungo.

Jioni ile mwanangwa alikuja na wazee watatu. Hawakumtukana. Walisema tu kwamba hawana neno na elimu yake, ila watu wana njaa, na mtu mwenye njaa anaamini haraka. Amalize kesho, kabla vijana hawajapanda kummalizia.

Kesho yake hewa ilikuwa nzito. Upande wa ziwa palikuwa na weusi mwembamba ambao unaweza kuwa mvua na unaweza kuwa moshi wa watu wachoma mkaa. Mageni akapanda na mafungu manne ya nyasi, akayaweka kando, akatazama chini.

Donatus alikuwa ameandika neno ubaoni. Akawauliza watoto ni nini.

"Mua," akasema mmoja.

"Hapana."

"Vua."

"Karibu. Ziweke pamoja." Akangoja. Akawazungushia macho watoto wote hamsini, na kila mmoja akatazama meza.

"Mvua," sauti ikasema.

Watoto wakageuka nyuma, wakageuka pembeni. Donatus hakuinua kichwa. "Nani amejibu?"

Justa, aliyekuwa amekaa wiki tano akiomba ardhi immeze, akasimama wima.

"Paa, mwalimu."

Darasa likaangua kicheko, na Donatus akawaacha wacheke. Kisha akachukua chaki, akaenda ubaoni, akaandika neno jingine chini ya lile, refu kidogo, polepole, akasogea pembeni kabisa mpaka mgongo ukagusa ukuta. Hakuwauliza watoto. Alisimama tu.

Mageni aliinama. Herufi saba. Alizianza, akashika mbili za kwanza, akapoteza katikati, akarudi mwanzo. Weusi wa upande wa ziwa ulikuwa umepanda. Nje ya shule walikuwa wamekwisha simama watu watano sita, mikono kiunoni, wanatazama juu.

Akachukua fungu la kwanza akaliweka, akalifunga. Ubao ukapungua kwa chini. Akachukua la pili. Sasa lile neno lilikuwa nusu kwenye mwanga nusu kwenye kivuli, na alisogeza midomo, akaunganisha tatu za mwanzo, akaziona zimekaa. Fungu la tatu alilifunga bila kutazama mikono yake. Uwazi uliobaki ungepitisha kichwa cha mtoto. Aliweka jicho pale.

"Mzee Mageni," mmoja akaita kutoka chini. "Bado?"

"Bado," akasema.

Akabaki ameinama, fungu la nne mkononi, akisoma.